Joho la Mtume Paulo

Somo la wazee wa kanisa, wainjilisti, na wote wapendao kuyachunguza Maandiko. Kabla ya kusoma hapa, fungua kwanza 2 Timotheo 4:9-21, usome polepole.



Katika mafundisho ya wainjilisti huko Masasi tulikuwa tukisoma Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura kwa sura. Tulipokaribia mwisho wa sura ya nne nilidhani ya kuwa kazi yetu imekwisha, kwa maana mambo makuu yote yalikuwa yamepita, nayo yaliyobaki yalikuwa salamu na maagizo tu. Ndipo mwinjilisti mmoja kijana alipoinua mkono, akauliza: “Mchungaji, je, Mtume alikuwa tajiri? Hapa anaagiza aletewe joho. Kwetu joho ni la bwana harusi wa pwani, au la siku ya kumaliza chuo kikuu. Mtu aliye gerezani, tena anangojea kuuawa, ana haja gani ya joho?”

Wenzake wakacheka. Lakini swali lile lilikuwa jema, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa amesoma kwa makini, naye aliona kitu kisichopatana. Nilimjibu kwa maneno machache, kisha nyumbani nikafungua Agano Jipya la Kiyunani na vitabu vyangu vya seminari, nikatafuta jibu lililo kamili zaidi. Nililoliona ndilo ninaloliandika hapa, ili na wengine walitumie katika mafundisho yao.

1. Neno lenyewe

Kiyunani kina majina mengi ya nguo, kama Kiswahili kilivyo nayo. Mtu wa Newala akitaja shuka hataji kanga, na akitaja kanzu hataji koti. Vivyo hivyo Wayunani. Katika Agano Jipya tunakutana hasa na majina manne, na yafaa mwalimu ayajue yote, ili ajue tofauti yake.

La kwanza ni kitoni. Hii ni nguo ya ndani, iliyogusa mwili, na Biblia yetu huifasiri kanzu.

La pili ni himatio. Hii ni nguo ya juu, kitambaa kipana kilichozungushwa mwilini na kutupwa begani, karibu na namna wazee wetu walivyojifunga lubega. Neno hili hutokea mara nyingi sana katika Agano Jipya. Mchana himatio ilikuwa vazi, na usiku ilikuwa blanketi. Ndiyo sababu Torati, katika Kutoka 22:26-27, iliagiza kwamba mtu akiweka nguo yake rehani, irudishwe kabla ya jua kuchwa. Maana maskini hana kingine cha kujifunika alalapo. Basi angalieni jinsi Bwana wetu alivyosema katika Mathayo 5:40. Huko mambo ni ya barazani: mshitaki anataka kanzu, naye Bwana anatuambia tumwachie na nguo ya juu, ile ambayo Torati yenyewe haikuruhusu maskini aikose hata usiku mmoja. Lakini katika Luka 6:29 mpango umegeuka: nguo ya juu inatangulia, na kanzu inafuata. Hapo mambo ni ya mnyang'anyi, naye mnyang'anyi hushika kwanza kilicho juu. Tena Bartimayo wa Yeriko, alipoitwa, aliitupa himatio yake akaruka. Kipofu maskini alikitupa kile kitu kimoja kilichomfunika usiku.

La tatu ni klamisi, nguo ya askari, fupi kuliko himatio, iliyofungwa kwa kifungo begani. Katika Agano Jipya ni Mathayo peke yake alitajaye, katika sura ya 27, askari walipomvika Bwana vazi jekundu ili wamdhihaki.

La nne ni failone, nalo ndilo neno letu. Katika Agano Jipya lote hutokea mara moja tu, hapa katika 2 Timotheo 4:13. Warumi waliiita nguo hiyo penula. Wataalamu wanabishana kama Wayunani walilipata neno kwa Warumi au Warumi kwa Wayunani, lakini wote wanakubali kwamba nguo ni ile ile. Tena neno hili si la wenye elimu tu. Limeonekana katika barua na hesabu za watu wa kawaida, zilizoandikwa juu ya mafunjo na kufukuliwa katika mchanga wa Misri.

Failone ilikuwaje? Chukua blanketi zito la sufu, ulikate liwe na umbo la mviringo, utoboe tundu katikati, upitishe kichwa. Hiyo ndiyo failone. Haikuwa na mikono. Ilianguka pande zote mpaka magotini au chini yake, na nyingine zilikuwa na kofia iliyoshonwa pamoja nayo. Nyingine zilifanywa kwa ngozi badala ya sufu. Walioivaa hasa ni watu wa njiani: wasafiri, askari, waendesha nyumbu, na watumwa waliotumwa mbali. Ilikuwa nguo ya mvua na baridi, wala haikuwa nguo ya heshima.

Basi jibu la kwanza kwa kijana wetu ni hili: Paulo hakuagiza vazi la fahari. Aliagiza nguo yake nzito ya safari.

2. Kwa nini Biblia yetu inasema joho?

Mtu asije akadhani kwamba wafasiri walikosa. Neno joho limetoka katika Kiarabu. Hapo kwanza lilikuwa jina la kitambaa kinene cha sufu, ndipo likawa jina la vazi refu lililoshonwa kwa kitambaa hicho, lililovaliwa juu ya kanzu. Wafasiri wa Biblia ya Union, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, walitafuta neno la nguo ya juu iliyo ya sufu, wakaliona joho. Walilitumia katika Mathayo 5:40 na katika 2 Timotheo 4:13 pia. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili huona neno moja mahali ambapo Myunani aliona mawili.

Walakini maneno husafiri kama watu. Pwani joho lilikuwa vazi la masheikh na wakubwa, lenye nakshi za nyuzi mbele. Siku hizi vijana wetu hulijua zaidi kuwa vazi la siku ya kutunukiwa shahada. Hivyo yule mwinjilisti alipolisoma, macho yake yalimwonyesha mtu wa heshima katika ukumbi, wala hayakumwonyesha mzee anayetetemeka juu ya sakafu ya mawe. Biblia ya Habari Njema husema koti. Neno hilo huonyesha joto vizuri, lakini koti lina mikono na vifungo, wala mtu halali akiwa amejifunika koti ila kwa shida. Wazee wa pwani walikuwa na neno bushuti, yaani vazi zito la sufu, nalo labda lingekaribia zaidi. Lakini ni wachache walijuao leo. Mimi nikifundisha husema: joho la safari, kisha naeleza habari ya blanketi lenye tundu.

Kazi hii ya kutafuta neno ina historia katika nchi hii yetu. Sisi Walutheri tu wachache katika upande huu wa kusini. Wengine walitutangulia kulima na kupanda. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misioni ya UMCA alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, akawaweka Masasi, chini ya ile milima ya mawe. Mtu huyo huyo ndiye aliyekaa mezani akiyapima maneno ya Kiyunani na ya Kiswahili, na mwaka 1879 Agano Jipya lote lilikuwa limetiwa katika Kiswahili. Baadaye Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, alitoa Biblia yake mwaka 1937, naye alijitahidi kuyaepuka maneno ya Kiarabu kila alipoweza. Kila mfasiri afikapo mstari huu hana budi kusimama na kujiuliza: nguo gani?

Watu wale wa kwanza wa Masasi wasingalihitaji maelezo mengi. Katika siku zao nguo ilikuwa fedha. Merikani na kaniki zilihesabiwa kwa mikono, mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Na kwa doti mtu alinunua chakula, alilipa wapagazi, alikomboa hata mtu. Wengi hawakuwa na nguo ya pili. Mwenye nguo moja akisema, “Niletee nguo yangu iliyo mbali,” hawakudhani kwamba anasema neno dogo.

3. Je, labda ni mfuko wa vitabu?

Mwalimu msomaji aweza kuulizwa neno hili, basi na awe tayari. Tangu zamani wako waliosema kwamba failone ya Paulo ilikuwa kifuko au sanduku la kuwekea vitabu. Tafsiri ya kale ya Kisiria imefasiri hivyo. Yohana Krisostomo, mhubiri mkuu aliyekufa mwaka 407, aliyajua mawazo hayo, naye ameyataja katika mahubiri yake juu ya waraka huu. Yameshikwa kwa sababu Mtume anataja vitabu katika mstari ule ule.

Walakini maana ya nguo ina nguvu zaidi, kwa sababu tatu. Ya kwanza, neno hili katika matumizi ya watu wa siku zile kwa kawaida ni jina la nguo. Ya pili, kama angetaka mfuko pamoja na vitabu vilivyomo, haikuwa lazima kuvitaja vitabu tena mbali, kisha kuvitaja vile vya ngozi peke yake. Ya tatu, soma mstari wa 21, ambapo anamhimiza Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Krisostomo mwenyewe alieleza kwamba Mtume aliliagiza joho lake ili asilazimike kupokea la mtu mwingine.

4. Nguo ya njiani iliyoingia madhabahuni

Yeye aingiaye katika kanisa la Waanglikana pale Masasi, au katika kanisa la Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906, atamwona kasisi kwenye Meza ya Bwana amevaa vazi pana lisilo na mikono, lenye tundu la kupitisha kichwa. Wao huliita kasula. Vazi hilo ni mjukuu wa penula. Ndugu zetu wa Kanisa la Kiorthodoksi hata leo huliita felonio, na katika jina hilo neno la Paulo linasikika bado. Makanisa mengine ya Kilutheri huvaa kasula pia, na mengine huvaa joho jeusi au kanzu nyeupe.

Ilikuwaje nguo ya waendesha nyumbu ikawa vazi takatifu? Hapo kwanza watumishi wa kanisa walivaa kama watu wengine. Kisha desturi za mavazi zikabadilika mijini, lakini katika ibada mavazi ya kale yakabaki, yakapambwa kidogo kidogo kwa hariri na dhahabu, hata watu wakasahau yalikotoka.

Na tangu zamani wako walioitia nguo hii maana isiyokuwamo. Tertuliano wa Karthago, mwalimu wa kanisa huku Afrika ya Kaskazini, karibu na mwaka 200 aliandika kitabu juu ya sala. Humo anawakemea watu waliokuwa na desturi ya kuvua penula zao kabla ya kuomba, kana kwamba Mungu hasikii mpaka nguo ivuliwe. Anawauliza kwa kejeli kama wanadhani kwamba Paulo aliliacha joho lake kwa Karpo kwa sababu ya kuomba. Neno lake latufaa nasi pia. Vazi ni jema katika utaratibu wa ibada, lakini sala haitegemei vazi. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali asiye na kanzu, akisimama kwa shati lake safi akisoma Neno, ibada yake si pungufu.

5. Kwa nini aliliagiza?

Sasa tuyatazame mambo kama yalivyokuwa. Paulo yuko Roma, amefungwa, na anajua kwamba mwisho wake ni karibu. Dema amemwacha. Wengine wametumwa au wamekwenda mahali mbalimbali. Luka peke yake yuko pamoja naye. Joho liko Troa, mji wa bandari katika nchi iitwayo leo Uturuki, nyumbani kwa mtu aitwaye Karpo, ambaye Maandiko hayamtaji mahali pengine popote. Hatukuambiwa kwa nini aliliacha huko. Labda kulikuwa na joto. Mtu hasahau blanketi wakati wa baridi.

Watu wa Mikindani na Lindi wanajua kwamba bahari ina majira yake. Chombo hungoja kaskazi au kusi, wala nahodha mwenye akili hashindani na upepo. Ndivyo ilivyokuwa katika bahari ya Warumi. Kuanzia katikati ya Novemba hata mwezi wa Machi bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Timotheo akikawia hata vyombo vikiacha kusafiri, basi joho litabaki Troa, na Mtume atalala majira yote ya baridi bila kitu cha kumfunika. Kwa hiyo mstari wa 13 na mstari wa 21 ni ombi moja.

Tena angalieni hakuomba joho jipya. Katika Roma walikuwako Wakristo ambao wangeweza kununua. Yeye anataka lake, lililokwisha kuchakaa kwa mvua za njia zile alizozipita kwa ajili ya Injili. Na pamoja nalo anataka vitabu, kwa maana angali anafanya kazi.

Miaka mingi baadaye mtumishi mwingine wa Neno aliandika barua kama hii, naye labda alikuwa akiukumbuka mstari huu. William Tyndale, aliyefasiri Agano Jipya katika Kiingereza, alifungwa katika ngome ya Vilvoorde katika nchi ya Ubelgiji ya leo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1535 alimwandikia mkubwa mmoja, akiomba kofia ya kumpa joto, na koti zito, na kitambaa cha kutilia viraka nguo zake za miguu, na ruhusa ya kuwa na taa jioni. Na zaidi ya yote Biblia ya Kiebrania pamoja na sarufi na kamusi yake. Mwaka 1536 aliuawa. Naye aliomba vyote viwili, cha mwili na cha kazi, katika barua moja, bila aibu.

6. Kosa langu huko Newala

Sasa sina budi kueleza neno juu yangu mwenyewe, kwa kuwa nilipomjibu yule kijana, dhamiri yangu ilinikumbusha.

Miaka kadhaa iliyopita alikuwako mwinjilisti mzee, aliyekwisha kupumzika katika kazi, akikaa Newala, upande wa Shimo la Mungu, pale uwanda wa Wamakonde unapokatika na mtu huona bonde la Ruvuma chini yake. Wasiopafika hudhani kwamba kusini kote ni joto. Lakini mwezi wa Juni na Julai, wakati wa kipupwe, upepo hupanda ukingo ule, na asubuhi ukungu hulala mpaka mlangoni. Mzee huyu alikuwa ameshuka Masasi kutibiwa macho. Kule chini kulikuwa na joto, naye aliporudi gari lilijaa watu, akaliacha blanketi lake kwa binti wa dada yake. Kisha akaniletea barua fupi: nijapo, nipitie kwa huyo binti, nichukue blanketi, na kitabu cha nyimbo chenye herufi kubwa, na Biblia yake.

Nilipita. Vitabu nilivitia katika mkoba wangu. Blanketi nililitazama, nikaliona kubwa, na mimi nilikuwa na mizigo ya usharika. Nikasema moyoni, “Hili nitalipeleka safari nyingine, la maana ni vitabu.” Sikulisahau. Nilipima, nikaliona dogo.

Nilifika kwake jioni. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitikia kwa furaha. Akavipokea vitabu kwa mikono miwili, akaomba na kumshukuru Mungu. Ndipo akaniuliza kwa upole, “Na blanketi, Mchungaji?” Nikamwambia habari ya mizigo. Akanyamaza kidogo, akasema, “Haya, baba. Vitabu nitavisoma mchana.”

Usiku walinitandikia mkeka, wakanipa shuka nene la kujifunika, nikalala vizuri. Usiku wa manane nikaamka kwa kusikia mtu akikohoa nje. Nikatoka. Mzee alikuwa ameketi jikoni penye moto, kanga ya mjukuu wake mabegani. Nikafahamu ya kuwa shuka lile nililojifunika ndilo lake, wala hakuwa na jingine. Mimi niliyewafundisha watu Kutoka sura ya 22 nilikuwa nimelala katika nguo ya jirani yangu baada ya jua kuchwa.

Nilimrudishia shuka, naye hakutaka kulipokea, tukabishana hata tukaketi wote wawili penye moto mpaka alfajiri. Asubuhi nilipanda gari, nikashuka Masasi, na siku ya tatu nikarudi na blanketi. Hakunilaumu hata neno moja. Bwana alimpa kuziona kipupwe mbili nyingine, kisha akamwita.

7. Tujifunze nini?

Neno la kwanza ni kwa watumishi. Usione aibu kusema haja ya mwili wako. Mtume aliyeandika kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yo yote aliyo nayo, ndiye aliyeandika pia, niletee joho langu. Kuridhika si kunyamaza hata ufe kwa baridi. Mwinjilisti aliye na njaa au asiye na kitu cha kujifunika na awaambie wazee wake kwa uwazi, kama Paulo alivyomwambia Timotheo.

Neno la pili ni kwa wale waliowekewa kitu. Karpo hakuhubiri mahubiri tunayoyajua, wala hakuandika waraka. Alitunza joho la mtu aliyekuwa mbali, asijue kama atarudi. Jina lake liko katika Maandiko kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Mwenye kutunza mali ya kanisa, na daftari ya sadaka, na nguo ya mgeni, na akumbuke.

Neno la tatu ni kwa wachungaji wenzangu na kwa wazee. Tusiyapime mambo kama nilivyopima mimi. Yeye apelekaye vitabu na kuliacha blanketi ametimiza nusu ya agizo. Sisi Walutheri tunapenda kusema Neno, Neno, na ni vema. Lakini kumbukeni jina la Luther mwenyewe limetoka wapi. Alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku ya kumkumbuka Martin wa Tours, akapewa jina lake. Martin huyo alikuwa askari, na habari zake zasimulia kwamba wakati wa baridi kali, penye lango la mji wa Amiens, aliikata klamisi yake kwa upanga, akampa nusu maskini aliyekuwa uchi. Joho lake dogo lilihifadhiwa baadaye na wafalme, na mahali lilipowekwa pakaitwa kapela, yaani penye joho dogo, na walinzi wake wakaitwa makapelani. Basi kila tumwitapo mtumishi wa hospitali au wa jeshi kapelani, tunamwita mlinzi wa joho lililogawanywa kwa ajili ya mtu mwenye baridi.

Nami nina shauri moja kwa sharika za Masasi na Newala. Kipupwe huja mwezi wa Juni, wakati fedha za korosho zimekwisha kutumika. Fedha hupatikana tangu mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali, wala hapana mtu akumbukaye blanketi. Kwa hiyo yafaa wazee wa kila mtaa waandike mapema majina ya wainjilisti wazee, na wajane, na wagonjwa walalao bila kujifunika, na sehemu ya sadaka ya mavuno iwekwe kando kwa ajili yao wakati wa korosho. Na usharika utakao kumnunulia mchungaji joho jipya la ibada, kwanza na uhesabu mablanketi. Paulo hakusema, “Njoo upesi uwezavyo,” kisha akaacha. Alitaja na majira.

Maswali ya kujibu katika mafundisho

1. Taja majina manne ya nguo katika Agano Jipya la Kiyunani. Kila moja lilikuwa nguo ya namna gani?
2. Kwa nini katika Mathayo 5:40 kanzu yatangulia, na katika Luka 6:29 joho latangulia?
3. Mtu akikuambia kwamba failone ni mfuko wa vitabu, utamjibu nini?
4. Soma tena mstari wa 13 na wa 21. Mistari hii miwili yahusianaje?
5. Katika mtaa wako, ni nani aliyeacha joho lake Troa? Nani atalileta, na kabla ya mwezi gani?

Bwana awabariki mnapojifunza.